Maswali ya Wasomaji: Tanuri la Propani Linapokataa Kupasha Nyumba Joto

Barua za toleo hili zote zinahusu tanuri la nyumbani linalopasha hewa joto kwa gesi ya propani, kwa hiyo nimeona vyema kuzijibu pamoja. Kabla hujasoma jibu la barua inayofanana na tatizo lako, tafadhali nusa kwanza. Propani yenyewe haina harufu; hutiwa kemikali yenye harufu kali ya uvundo ili uvujaji utambulike, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, hutuama chini kama maji, hasa katika vyumba vya chini ya ardhi na kwenye pembe za sakafu. Inama unuse karibu na sakafu. Ukiipata harufu hiyo, usiwashe wala usizime swichi yoyote na usipige simu ukiwa ndani; watoe watu wote, funga vali ya tangi lililo nje ikiwa unaifikia bila hatari, kisha uwaite zimamoto au msambazaji wako wa gesi ukiwa umeshakaa mbali na nyumba. Yote yanayofuata yanahusu nyumba isiyo na harufu hiyo.

SWALI: Fundi, pokea salamu zangu. Tanuri letu linatumia propani kutoka kwenye tangi lililo nje. Tangu baridi iwe kali, nikipandisha thamostati nasikia feni ndogo ikianza kuzunguka, baadaye naona kitu kinang'aa rangi ya chungwa, moto unawaka vizuri, na kabla sijahesabu mpaka kumi unazimika. Hurudia hivyo mara tatu, kisha tanuri hunyamaza kabisa. Nikizima umeme na kuwasha tena, mambo ni yaleyale. Geji ya tangi inasoma asilimia 30. Jirani mmoja ameniambia gesi imeganda tangini, na mwingine ameniambia bodi ya umeme imeungua ninunue mpya. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kueleza mambo kwa mpangilio yalivyotokea, maana mpangilio huo umekwisha kukufikisha nusu ya safari. Tanuri la kisasa haliwaki kwa tendo moja; hupita hatua kadhaa, na kila hatua hudai ushahidi kabla ya kuruhusu inayofuata. Thamostati huomba joto kwa kuunganisha saketi ndogo ya volti 24. Bodi ya umeme huwasha feni ndogo ya kutoa moshi, na swichi ya presha huthibitisha kwamba njia ya moshi inavuta. Kiwashio hupata umeme na kung'aa. Ndipo vali ya gesi inapofunguka na vichomeo vikashika moto. Kisha, ndani ya sekunde chache, bodi hutaka ihakikishiwe kwamba moto upo kweli. Isipohakikishiwa hufunga gesi, husubiri, hujaribu tena, na baada ya majaribio machache hujifunga yenyewe, mara nyingi kwa saa moja au mpaka umeme uzimwe na kuwashwa upya.

Kwako hatua zote zimepita isipokuwa hiyo ya mwisho. Kwa hiyo thamostati inaita, feni ndogo inazunguka, njia ya moshi inavuta, kiwashio kinang'aa, vali inafunguka na gesi inafika. Bodi ya umeme ndiyo iliyoziongoza hatua hizo zote, na ndiyo iliyokataa kuacha gesi itiririke bila uhakika wa moto. Anayekushauri uibadilishe anakushauri utupe kiungo ambacho mpaka sasa hakijaonyesha kosa lolote.

Kinachoshukiwa kwanza ni kitambuzi cha moto, kijiti chembamba cha chuma chenye shina la kauri, kinachochomoza mbele ya kichomeo cha mwisho, kwa kawaida upande wa mbali na kiwashio. Watu wengi hudhani kijiti hicho hupima joto, na kwa sababu hiyo hushangaa kukiona kimewekwa motoni na bado hakitambui moto. Sivyo kinavyofanya kazi. Mwali wa gesi una chembe zenye chaji, na kwa hiyo hupitisha umeme kidogo. Bodi hupeleka kwenye kijiti umeme wa mkondo geu, na kwa kuwa kichomeo chenye eneo kubwa kiko upande mmoja wa mwali na kijiti chembamba kiko upande wa pili, umeme hupita kwa wepesi kuelekea upande mmoja kuliko mwingine, ukawa kama mkondo wa moja kwa moja. Mkondo huo ni mdogo mno, mikroampea chache tu, yaani sehemu chache za milioni moja za ampea. Utando mwembamba wa kijivu au mweupe juu ya kijiti unatosha kuuzuia. Moto unaonekana kwa macho yako, lakini bodi haiuoni.

Kusafisha kijiti ni kazi ambayo mtu mwangalifu anaweza kuifanya mwenyewe. Zima umeme wa tanuri kwenye swichi yake, kisha funga vali ya gesi iliyo kwenye bomba karibu na tanuri. Mkono wake ukikingama na bomba, imefungwa. Subiri vyuma vipoe. Kitambuzi hushikwa na skrubu moja na waya mmoja. Kitoe, kisugue kwa upole kwa sufi laini ya chuma mpaka kirudi kwenye rangi yake, kipanguse kwa kitambaa kikavu na ukirudishe palepale kilipokuwa. Msasa mkali haufai, kwa sababu huacha mikwaruzo inayoshika uchafu upesi. Ukiwa hapo, jihadhari usiguse kiwashio kwa vidole: ni chepesi kuvunjika, na mafuta ya ngozi yakibaki juu yake hukifupishia maisha kinapopata joto. Angalia pia kama kauri ya kitambuzi ina ufa, na kama waya wa ardhi wa tanuri umekaza, kwa kuwa mkondo ule mdogo hurudi kwenye bodi kupitia mwili wa tanuri, na waya wa ardhi uliolegea huukata sawasawa na uchafu.

Ikiwa kijiti ni safi na moto bado unazimika, ndipo nitamsikiliza jirani yako wa kwanza. Hakusema kwa usahihi, lakini hakukosea kabisa. Propani haigandi katika baridi ya mahali popote wanapoishi watu, kwa kuwa huhitaji karibu nyuzi 188 za sentigredi chini ya sifuri ili igande. Kinachotokea ni kingine. Ndani ya tangi propani ni kimiminika, na tanuri halichomi kimiminika bali mvuke unaotoka juu yake. Kimiminika hicho huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na kadiri baridi inavyokaribia hapo ndivyo presha ya mvuke inavyoshuka: kwenye nyuzi 20 presha ndani ya tangi ni zaidi ya mara nane ya presha ya hewa ya kawaida, lakini kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri haifiki hata mara mbili. Tena kuchemka kunahitaji joto, na joto hilo huingia kupitia ukuta wa tangi ulioguswa na kimiminika. Tangi lililojaa, ambalo kwa usalama halipitishwi asilimia 80, lina eneo kubwa la kupokea joto. Tangi lenye asilimia 30 lina eneo dogo. Hivyo usiku wa baridi kali, tanuri, hita ya maji na jiko vikidai gesi kwa pamoja, tangi dogo linaweza kushindwa kutoa mvuke wa kutosha ingawa gesi bado imo. Moto huwa mfupi, hujitenga na kijiti, na bodi huuhesabu kuwa haupo.

Jaribio la kutofautisha mambo haya mawili ni rahisi. Kama jiko lenu linatumia tangi hilohilo, liwashe na uutazame mwali wake wakati tanuri linapojaribu kuwaka. Mwali wa jiko ukisinyaa kila vali ya tanuri inapofunguka, tatizo liko kwenye ugavi wa gesi: tangi, regulata au bomba. Usiposinyaa, rudi kwenye kitambuzi. Itazame na regulata iliyo nje. Ina tundu la kupumulia, na tundu hilo likizibwa na barafu au theluji, regulata haiwezi tena kuongoza presha kama inavyopaswa. Theluji laini unaweza kuifagia kwa mkono, lakini barafu iliyoshika usiigonge kwa nyundo. Mwite msambazaji wako. Nakusihi pia usilipashe tangi joto kwa mwali wa moto wa aina yoyote, kwani nimeona mtu akilikusudia jambo hilo kwa nia njema kabisa, akiwa na watoto wanaotetemeka ndani ya nyumba. Katika hali kama hiyo msaada wa haraka ni kupunguza vifaa vinavyotumia gesi kwa wakati mmoja na kuomba tangi lijazwe. Kuanzia hapo ni kazi ya fundi mwenye kipimo cha presha, ambaye atalinganisha anachosoma na kilichoandikwa kwenye kibandiko cha tanuri. Kwa matanuri mengi ya propani yaliyotengenezwa Marekani, presha kwenye bomba la vichomeo ni takriban kilopaskali 2.5.

SWALI: Mimi tanuri langu halifiki hata kwenye kung'aa. Feni ndogo inazunguka bila kukoma, nasikia kama maji yanagugumia ndani, na hakuna kingine. Bomba lake la moshi ni la plastiki.

JIBU: Bomba la plastiki linaniambia kwamba tanuri lako ni la aina inayobana joto mpaka moshi unapoa na mvuke wake kugeuka maji. Maji hayo si kidogo: kila kilo moja ya propani inayochomwa huzaa zaidi kidogo ya kilo moja na nusu ya maji, na sehemu kubwa yake hubaki ndani ya tanuri badala ya kutoka na moshi. Lazima yapate njia ya kutiririka. Mfereji wake ukiziba kwa utelezi au kuganda mahali unapopita kwenye baridi, maji hurudi nyuma, hujaa kwenye njia ya moshi, na swichi ya presha hukosa mvuto inaoutarajia. Mgugumio unaousikia ni maji hayo.

Zima umeme, tafuta mtego wa maji na mrija wake, uvisafishe kwa maji ya uvuguvugu, kisha uvirudishe kama vilivyokuwa, kwa kuwa mtego usiokaa sawa huvujisha moshi ndani ya nyumba. Chomoa pia mpira mwembamba unaoingia kwenye swichi ya presha uone kama una maji au ufa. Halafu toka nje uyaangalie mabomba ya kuvuta hewa na kutoa moshi. Theluji iliyorundikana, majani au kiota cha ndege vinatosha kulisimamisha tanuri zima. Ukiona mtu anataka kuziunganisha waya mbili za swichi hiyo ili tanuri liwake usiku huu tu, mkatalie. Swichi hiyo ndiyo inayozuia gesi iliyoungua isirudi vyumbani mnamolala.

SWALI: Moto unawaka na kukaa dakika kadhaa, kisha unazimika huku feni kubwa ikiendelea kupuliza hewa inayopoa. Baadaye unawaka tena. Nyumba haipati joto hata siku nzima.

JIBU: Badilisha chujio la hewa kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Feni kubwa huivuta hewa ya nyumba kupitia chujio na kuipitisha nje ya kasha la chuma lenye moto ndani. Chujio likiziba, hewa inayopita haitoshi kulipoza kasha, na swichi ya kikomo cha joto hufunga gesi huku feni ikiachwa izunguke ili kasha lipoe. Matundu ya hewa yaliyofunikwa kwa fanicha au kufungwa katika vyumba visivyotumika huleta matokeo yaleyale, ingawa wengi huyafunga wakiamini wanaokoa gesi. Ikiwa chujio ni jipya na matundu yako wazi, mwite fundi aipime feni yenyewe. Iwapo hewa ni baridi tangu mwanzo na moto hauwaki kamwe, hilo ni jambo jingine: tazama kama thamostati imewekwa feni izunguke muda wote badala ya kufuata moto.

SWALI: Gesi ilituishia kabisa. Tangi limejazwa jana, lakini tanuri letu la zamani, lenye ule moto mdogo unaokaa ukiwaka daima, halitaki. Ule moto mdogo ukiwaka, nikiachia kitufe unazimika.

JIBU: Kuishiwa gesi ni tukio linalostahili uzito kuliko linavyopewa. Moto mdogo ulipozimika, huenda kuna vifaa vilivyobaki wazi, na bomba huenda limeingiza hewa. Kwa sababu hiyo aliyejaza tangi anapaswa kupima uvujaji wa mfumo mzima na kuviwasha vifaa upya mwenyewe. Kama hakufanya hivyo, mwite arudi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kutu katika tangi lililokaa tupu huweza kudhoofisha harufu ya gesi mpya, na wakati huo pua yako haikulindi kama ulivyozoea.

Baada ya upimaji, sababu zinazobaki ni tatu. Ya kwanza ni hewa ndani ya bomba, ambayo hutoka polepole mno kupitia tundu dogo la moto wa kuwashia, hivyo mwali huwaka kwa kusitasita. Ya pili iko kwenye tangi: vali yake ikifunguliwa kwa ghafla, kizuizi cha mtiririko wa kupita kiasi hudhani bomba limekatika na kujifunga, gesi ikabaki kupenya kidogo tu. Dawa yake ni kuifunga vali ya tangi, kungoja dakika moja au mbili, na kuifungua taratibu sana.

Ya tatu inalingana zaidi na maelezo yako, nayo ni thamokapo, ile ncha ya chuma inayolambwa na moto mdogo. Joto la ncha hiyo huzalisha umeme wa takriban milivolti 25 hadi 30, ambao hushikilia sumaku ndogo ndani ya vali ya gesi. Ukiachia kitufe kabla ncha haijapata moto wa kutosha, sumaku haishiki. Kibonyeze kwa sekunde 60 kamili huku mwali ukiilamba ncha, kisha uachie. Mwali ukiwa mfupi au umeinama upande, tundu lake limeziba, na utando wa buibui ni miongoni mwa vinavyoliziba. Mwali ukiwa mzuri na bado unazimika, thamokapo imechoka na hubadilishwa. Kati ya jaribio na jaribio ngoja dakika tano, uinuse sakafu, ndipo uwashe.

SWALI: Ndugu yangu alitupatia tanuri lililotumika kwenye nyumba yenye gesi asilia, nasi tukaliunga kwenye propani. Linawaka, lakini miali ni ya njano na mirefu, kuna masizi, na joto si zuri. Mke wangu anaamka na kichwa kinachomuuma. Tunalirekebishaje?

JIBU: Lizimeni leo hii kabla hamjamaliza kusoma jibu hili, mfungue madirisha, na mke wako apelekwe hospitali akaeleze kwamba huenda amevuta kaboni monoksaidi, kwa kuwa damu inaweza kupimwa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Huanza na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu ambavyo watu hudhani ni mafua, na dalili zikipungua mtu anapotoka nje ya nyumba, hiyo ni ishara mbaya zaidi kuhusu nyumba yenyewe.

Sababu yake inaeleweka vizuri. Meta moja ya ujazo ya propani ina nishati takriban mara mbili na nusu ya ile ya gesi asilia, na ili iungue kikamilifu kila molekuli yake huhitaji molekuli 5 za oksijeni, ilhali methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, huhitaji 2 tu. Nozeli za gesi asilia zina matundu mapana. Propani ikipitia matundu hayo huingia nyingi kuliko hewa inayopatikana, nayo huungua nusunusu: kaboni isiyoungua ndiyo masizi na ndiyo inayoipa miali rangi ya njano, na iliyoungua kwa sehemu ndiyo sumu inayomuumiza mkeo. Mwali mzuri wa tanuri huwa wa buluu, umetulia, wala haugusi kuta za kasha.

Ubadilishaji upo, lakini si wa kuufanya nyumbani. Fundi aliyeidhinishwa huweka seti ya nozeli ndogo iliyotolewa na mtengenezaji kwa ajili ya tanuri la aina hiyohiyo, hubadilisha springi ya regulata ndani ya vali ya gesi, hupima presha, kisha hupima moshi unaotoka. Kwa matanuri ambayo mtengenezaji hakuyatolea seti kama hiyo, hakuna njia halali ya kuyageuza. Mwambieni pia fundi akague kasha la ndani kama limepasuka, kwa kuwa limekuwa likipata moto usiolingana nalo, na asafishe masizi katika kasha na dohani yote. Fungeni kengele ya kaboni monoksaidi karibu na kila chumba cha kulala kabla tanuri halijawashwa tena, na mpaka fundi awape vipimo vyake kwa maandishi, vali ya gesi ya tanuri hilo ibaki imefungwa.